Nikikuita Usiitike

Mwanangu Nasra,

Ukiwa unaisoma barua hii, basi umelifumua bitana la koti kama nilivyokuagiza. Ulidhani mama yako amekosea kipimo cha mgongo. Ulinicheka mbele ya jirani, ukasema mshonaji wa miaka ishirini leo mkono umemtetereka, nami nikakuacha ucheke. Koti halikubani. Nilikwambia litakubana, ulifumue ukishafika, ili uwe na sababu ya kulifumua, na sikukwambia zaidi kwa sababu wewe hujui kuficha jambo usoni, na kesho kiwanja cha ndege watautazama uso wako kabla ya kulitazama begi lako.

Sasa hivi alasiri imekwisha swaliwa. Umekwenda Jang'ombe kuwaaga watu wa marehemu baba yako, na najua hutarudi kabla ya isha, maana kule kila nyumba itataka unywe chai. Kwa hivyo nina saa chache za kuandika na kushona. Mambo ya kuswali, ya kula, ya kutofua nguo nyeusi pamoja na nyeupe siyaandiki. Hayo nimekuimbia miaka kumi na minane, na kama hayajaingia, karatasi hii haitayaingiza. Nataka kukwambia makosa mawili niliyomfanyia Maalim Haroub. Yote mawili niliyafanya kwa adabu, na wewe huyajui.

Daftari lako la kwanza la Kispanyola, lile ulilolijaza ukaliacha, liko hapa mbele yangu. Unakumbuka sharti nililolitoa. Maalim Haroub alipotakiwa awafundishe lugha nyinyi mtakaopelekwa Kuba, wenzako wa kiume walisoma kwake chini, wewe nikasema utasomea kwetu juu, na mimi niwe papo hapo na cherehani yangu. Msichana wa miaka kumi na saba hakai chumbani na mwanamme kwa ajili ya vitenzi. Maalim akacheka, akasema, "Basi na wewe utasoma, Bi Zuwena." Nikamwambia kichwa changu kimeshajaa vipimo vya makwapa ya watu, hakina nafasi. Lakini sikio halina pazia. Kwa miezi minane nilisikia yote, na mengi yalipita, ila moja lilibaki.

Siku hiyo aliandika ubaoni *quedarse*. Akasema maana yake ni kubaki, kukaa pahala usiondoke. Wewe, na ulimi wako huo, ukauliza hicho kijineno *se* kimeganda mwishoni kufanya nini. Akakueleza kwamba bila kijineno kile, kitenzi ni cha vitu: mkate uliobaki, njia iliyobaki. Mtu anapobaki pahala, kitendo kinamrudia mwenyewe. *Me quedo*, nabaki mimi. *Te quedas*, unabaki wewe. *Se queda*, anabaki yeye. Mimi nikashindwa kunyamaza, nikamwuliza kwani mtu akibaki si amebaki tu.

"Kwetu ndo hivyo, Bi Zuwena," akasema. "Gogo limebaki, mtu kabaki, neno moja. Wao wanaona gogo halina lake. Mtu akibaki, hata akiwa kaachwa, mna nafsi yake ndani."

Akatoa mifano, nawe uliiandika yote, naiona hapa kwa mwandiko wako wa kukimbia. *Quedarse callado*, kukaa kimya. *Quedarse sola*, mwanamke kubaki peke yake. *Quedarse dormido*, kupitiwa na usingizi. *Quedarse con una cosa*, kukichukua kitu kikawa chako. Ukasema kitenzi hiki hakina haya, kinaingia kila nyumba. Ndipo akatusimulia ule mfano wake wa mwisho, ambao hukuuandika kwa sababu ulikuwa unacheka. Alipomaliza masomo kule Kuba, yule mama aliyempangisha chumba alimshika mkono mlangoni, akamwambia, *Quédate, hijo.* Baki, mwanangu. Kazi ilikuwapo, chumba kilikuwapo, na yule mama alikuwa hana mtoto.

"Mbona hukubaki?" ulimuuliza.

"Nilipata barua ya mama. Ilikuwa tamu barua ile," akasema, akanitazama mimi. "Sijui nani aliyeiandika."

Tukacheka sote watatu. Mimi nilicheka huku mguu umesimama juu ya kanyagio la cherehani.

Niliiandika mimi. Hilo ulilijua, maana mimi ndiye niwaandikiaye barua wanawake wa kichochoro hiki tangu hujazaliwa. Lakini ilivyoandikwa hujui. Bi Kiza, mama yake Haroub, alikuja akaketi pale unapoketi wewe, akaniambia maneno mafupi. "Mwambie mimi sijambo. Mwambie kama mambo yake mazuri huko, basi akae. Nitamuombea Mungu." Ndiyo yote. Mimi nikaona hiyo si barua. Barua gani ya mama isiyo na chumvi? Nikaona haya mtu aifungue barua iliyotoka mkononi mwangu aikute kavu vile. Basi nikatia yangu. Nikaandika kwamba macho ya mama yamekwisha kwa kuitazama njia. Nikaandika kwamba nyumbani ni nyumbani ijapokuwa pangoni. Nikaandika kwamba mtoto akichelewa, atakuja kumsomea mama hitima badala ya kupokea radhi. Bi Kiza alikuwa mzima wa afya, anapanda ngazi kuliko mimi.

Nilipomsomea alilia. Akasema, "Sikujua kama nina maneno yote hayo." Nilifurahi, Nasra. Nilijiona fundi. Baada ya miezi mitatu Haroub alikuwa amesimama kichochoroni na sanduku lake, na mtaa mzima ulipiga vigelegele, na mimi nilipiga zaidi ya wote.

Hilo ni kosa la kwanza. Nimelifikiri sana, na naona lau ningeishia hapo Mungu angenihesabia upumbavu tu.

Alirudi na tabia ya kuuliza. Kule alizoea mkutanini mtu akiwa na swali anasimama. Hapa, mlipokaribia kumaliza masomo yenu kwake, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza mchele umekwenda wapi, mbona watu wanapanga foleni tangu alfajiri wanaondoka na vikapu vitupu. Hakutukana mtu. Aliuliza kwa lugha nzuri, akaketi. Nilikuwapo, nikaona jinsi wale waliokaa karibu naye walivyosogea kidogo kidogo, huyu akijifanya anatafuta kiatu, yule akijifanya anahama jua, mpaka akawa ameketi peke yake kwenye benchi refu. Yeye hakuona. Alikuwa anasubiri ajibiwe.

Wiki mbili zilipita, tukadhani yamekwisha. Wewe ulikuwa Kidichi na wanafunzi wenzako, mmepelekwa kuchuma karafuu, ndiyo maana siku ile huijui ila kwa kusimuliwa, na aliyekusimulia ni mimi, na sikukusimulia kweli.

Ilikuwa baada ya alasiri, wakati kama huu. Nilikuwa dirishani nateremsha kikapu kwa kamba, muuza mkate yuko chini. Wakaja watu wawili wamevaa mashati meupe yaliyopigwa pasi. Walikwenda kwenye mlango wa Bi Kiza, wakabisha, wakasema hodi mara tatu kama inavyotakiwa. Kimya. Sheria ya hodi unaijua: mara tatu, usipojibiwa unakwenda zako. Na kweli waligeuka kutaka kuondoka. Mmoja akainua uso akaniona.

"Asalaam aleikum, Bi."

"Waaleikum salaam, wanangu."

"Samahani kukughasi. Maalim Haroub hayupo?"

Alisema vizuri, Nasra. Alikuwa na sauti ya mtu aliyelelewa. Na mimi nilikuwa nimemwona Haroub akiingia dakika chache tu kabla, ananipungia mkono. Nikaona aibu wageni waondoke mlangoni na mwenyewe yumo. Nikasema, "Yupo, nshamuona anaingia. Mama yake ndo hasikii vizuri. Ngojeni nkuitieni."

Nikaita. Unaijua sauti yangu, ndiyo iliyokutoa michezoni jioni ngapi. "Haroub! We Haroub! Una wageni!"

Sasa najua alikuwa nyuma ya mlango muda wote, amezisikia hodi zote tatu, na ametulia tuli awaache waende. Angesubiri kidogo tu. Wangekwenda, giza lingeingia, na huenda angepata pahala pa kupita. Lakini aliyemwita sasa ni mtu mzima, jirani, aliyemjua tangu anatambaa. Mtoto aliyefunzwa hawezi kuitwa na mkubwa akanyamaza, hata akitaka, ulimi unamtangulia.

"Naam, Bi Zuwena," akaitika.

Wale watu wakatazamana. Mlango ukafunguliwa. Alitoka amevaa shuka ya msuli na fulana, akaniangalia juu, si kwa hasira. Ningependa iwe hasira. Aliniangalia kama anayetaka kunambia nisijali. Mmoja akanishukuru, akasema, "Ahsante, Bi," wakamchukua katikati yao, wakapinda kona ya msikiti. Kikapu changu kilikuwa kinaning'inia na mikate miwili ndani, na muuza mkate ameshatoweka. Tangu siku hiyo hatujui Haroub yuko wapi, wala kama yuko.

Bi Kiza alishuka baada ya magharibi akaukuta mlango wazi. Akavuka kuja kwangu, akaniuliza, "Zuwena, ulisikia chochote?" Nikasema sikusikia kitu. Nikasema nilikuwa nyuma nafua. Uliporudi kutoka Kidichi nikakwambia hivyo hivyo, na ukaniamini, ukalala na kichwa chako mapajani mwangu ukimlilia mwalimu wako. *Quedarse callado*. Maalim alisema kweli: ndani yake mna mtu mwenyewe. Sikunyamazishwa, nilijinyamazia. Kila asubuhi Bi Kiza ananipitishia kahawa dirisha kwa dirisha, nami naipokea na kuinywa.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia hodi siitiki kwanza. Umenilaumu mara ngapi kwamba nimekuwa mkavu, kwamba watu wanabisha nami nimekaa. Sasa unajua.

Nakuja kwenye jambo lako. Wiki iliyopita waliponiita afisini kutia saini ya safari yako, ulinisubiri nje, na nilipotoka nikakwambia yote ni salama. Nilitia saini kwamba mimi, Zuwena, ni mdhamini wako, na ukimaliza masomo utarudi, na usiporudi wa kuulizwa ni mimi. Bwana aliyekuwa mezani alikuwa mtu wa adabu. Alinipa kiti, akaagiza chai. Akafungua faili lako akasoma, kisha akatabasamu. "Kumbe mwanafunzi wa Haroub," akasema. "Mkali wa kuuliza masuali, tumeambiwa. Vizuri. Tunamwacha asome. Akirudi tutakaa naye, ana mengi ya kutueleza." Akanisukumia bakuli la sukari, sukari nyeupe ambayo sijaiona dukani tangu mfungo. "Na wewe, Bi, usiache kumwandikia. Barua ya mama ndiyo inayomrudisha mtoto."

Sijui alikuwa anajua nini kuhusu mimi na barua. Labda alisema tu. Lakini chai ile niliiacha mezani.

Kuna mtu ameketi kwenye baraza ya nyumba ya kona tangu jana. Anasoma gazeti lile lile. Huenda ana shughuli zake.

Nimeiacha kalamu kidogo, sasa nairudia. Bi Kiza alinigongea dirishani kwa kijiko, kama afanyavyo. Nikafungua. Akanyoosha mkono akanipa kopo la halua ya safari yako na karatasi iliyokunjwa. Anuani ya yule mama wa Kuba, kwa mwandiko wa Haroub mwenyewe. Nitaishona pamoja na barua hii, usiitupe.

"Mpe Nasra," akasema. "Amwambie ni mwanafunzi wa Haroub. Atampokea."

"Ahsante, Bi Kiza. Akirudi nitamwambia aje kwako kwanza."

Akatikisa kichwa. "Asifanye haraka ya kurudi." Nikadhani amemaliza, nikashika ubawa wa dirisha. Akasema, "Masikio yangu mabovu, Zuwena. Hodi siisikii. Lakini sauti yako wewe siku zote naisikia."

Akafunga dirisha lake pole pole.

Anajua. Alijua siku ile ile, aliponiuliza kama nimesikia chochote. Miezi yote hii amekuwa akinipa kahawa na kungoja niseme mwenyewe. Kesho ndege ikishaondoka nitavuka kichochoro, nitapanda ngazi zake, nitamwambia yote, na ya barua ile pia. Sijui atanifanya nini, na sitamwomba asinifanye kitu. Ningependa ungekuwepo unishike mkono, lakini nafurahi hutakuwepo.

Sasa nisikilize, Nasra, kwa sababu barua hii ndiyo ya mwisho ambayo ni yangu peke yangu. Ziko nyingine zitakuja. Mwaka wa kwanza zitakuwa za salamu, nani kaolewa, nani kajifungua. Hizo zisome. Lakini masomo yako yakikaribia kwisha, itakuja barua ya kukwita nyumbani. Mwandiko utakuwa wangu, usijidanganye kwamba wameughushi. Watakaa hapa pangu, watanipa kalamu, na mimi nitaandika. Na unajua ninavyoandika. Nitasema macho yangu yamekwisha kwa kuitazama njia, na safari hii itakuwa kweli. Nitasema naumwa, na huenda nikawa naumwa. Nitakutajia radhi. Itakuwa tamu kuliko ile ya Bi Kiza, itakutoa machozi, utatafuta sanduku lako bila ya kujua unalitafuta.

Radhi yangu nakupa leo, hapa, kwa karatasi hii, kamili. Hakuna nyingine ya kuja kuchukua. Yatakayosemwa baadaye hayaipunguzi wala hayaiongezi.

Na ule udhamini usikutie hatia. Wakija kuniuliza, mimi ni mtu mzima, nimetia saini kwa mkono wangu nikijua ninachotia. Mara moja nilimtoa mtoto wa mwenziwangu ndani kwa sauti yangu, nikamkabidhi. Wangu simtoi. Naogopa, sikufichi, tangu nianze kuandika naogopa kila kiatu kinachopita chini. Lakini woga wa kukaa hapa nikikungoja ushuke kwenye ndege ile ni mkubwa zaidi, na nikipima woga huu na ule, huu wa sasa naweza kulala nao.

Jua limeshuka, nimeanza kuona mwandiko kwa taabu, na bitana bado halijashonwa. Isha si mbali, utarudi kutoka Jang'ombe, utapanda ngazi unasema shikamoo kabla hujafika juu, nami nitasema marahaba kama kawaida, nitakuuliza shangazi zako walipika nini.

Nilikufundisha jambo moja kabla ya kukufundisha kutembea. Nikikuita, uitike. Ulikuwa hujui hata kusema mama, lakini ukiitwa unageuka na kutoa sauti. Majirani walikusifu. Nilijivuna kwa hilo kuliko shahada zote ulizoleta baadaye, na kesho pale kiwanjani, kwa mara ya mwisho, nitakuita jina lako kwa sauti ili ugeuke nikusikie unasema naam.

Baada ya hiyo, mwanangu, nikikuita usiitike. *Quédate.*

Mama yako,
Zuwena